Honi Tuliyolinganishia Magitaa

Alikuwa na swali moja alilouliza kila asubuhi, hata kabla ya kuitikia shikamoo zetu.

"Nani amegusa?"

Aliliuliza akiwa amesimama mlangoni mwa gereji, kofia ya kitambaa kichwani, akitazama meza ya spana. Mara nyingi hakuna aliyekuwa amegusa kitu. Lakini aliuliza, akangoja tunyamaze vya kutosha, kisha akasema, "Marahaba," na kazi ikaanza.

Tulimwita Fundi. Mji mzima wa Korogwe ulimwita hivyo, na mimi sitamwita vingine hapa. Alikozaliwa sikujua, na ukoo wake alikuwa akiutaja mara moja moja tu, akiwa na hasira. Nilichokijua ni kwamba alitengeneza malori ya mkonge pale Manundu, na kwamba kwa miaka kama kumi na minane aliongoza bendi ambayo haikuwa na kibali, haikuwa na jina, wala haikuwahi kusikika redioni. Mimi nilipiga gitaa la besi katika bendi hiyo. Ndiyo maana aliniita Besi, na wengine wakafuata, mpaka leo kuna watu Manundu wasiojua jina langu jingine.

Tulifanyia mazoezi shimoni. Namaanisha shimo la gereji, lile la kushukia chini ya gari. Jirani yetu alikuwa mwenye duka la kanga, na kelele zilimkera. Fundi akateremsha spika humo shimoni, akafunika mbao juu, nasi tukakaa ukingoni, miguu inaning'inia. Sauti ilitoka chini ya ardhi, nzito, imechanganyika na harufu ya grisi. Spika yenyewe ilikuwa imechanika, akaiziba kwa viraka vya mpira wa baiskeli, na tangu hapo gitaa la solo likawa linakoroma. Vijana walipenda mkoromo ule. Watu wazima waliuliza kama kuna mnyama humo ndani. Waliita bendi yetu Wale wa Shimoni.

Yohana, kijana wa milimani kwa Washambaa, Mkristo wa kanisani kila Jumapili asubuhi, alipiga solo. Salimu alipiga ngoma alizotengenezewa na Fundi kwa mapipa madogo ya rangi. Fundi mwenyewe aliimba. Alikuwa na sauti ya juu, nyembamba, isiyolingana na kifua chake.

Sasa niseme habari ya honi, maana bila hiyo hutamwelewa.

Hatukuwa na kitu cha kutupa sauti ya kuanzia. Bendi za Tanga zilikuwa na saksafoni, na nyingine kinanda. Sisi tulikuwa na lori moja la mwenye gereji, bovu nusu, ambalo halikuondoka pale uani isipokuwa kwa dharura. Fundi aliamua kwamba honi ya lori hilo ndiyo itakuwa sauti yetu. Kila tulipoanza, mmoja alipanda akabonyeza, nasi tukalinganisha nyuzi zetu na sauti ile. Betri ya lori ilikuwa kuukuu, kwa hiyo honi ililia chini chini, kama ng'ombe aliyeshiba. Magitaa yetu yote yalikaa chini chini vivyo hivyo, nyuzi zimelegea, na sauti ya Fundi ikapata nafasi ya kupanda. Mgeni akija na ala yake hakuweza kupiga nasi. Yohana alilalamika mara kadhaa.

"Fundi, dunia nzima iko juu yetu."

"Basi dunia ishuke," alisema Fundi. "Honi haidanganyi. Wewe sikio lako likipata mafua linadanganya."

Alikuwa mtu wa namna hiyo. Alihubiri kwamba bendi ni ya wote na vyombo ni vya wote, lakini hakumruhusu mtu mwingine kuamua sauti ya kuanzia, hata siku moja. Alifunga Ramadhani yote, hakukosa sala, hakuonja pombe, na Jumapili alasiri alisimama mbele ya watu mia wakitoka jasho, akiwaimbia wacheze. Yeye mwenyewe hakucheza. Alisimama wima kama anayengoja zamu hospitalini. Salimu alimwuliza siku moja kwa nini hachezi.

"Dereva akicheza, gari litaendeshwa na nani?"

Kusifu hakujua. Mwaka wangu wa kwanza aliniambia besi yangu inasikika kama mtu anayeburuta gunia. Nikashusha gitaa. Akasema, "Nimekwambia uache? Endelea kuburuta. Gunia linatakiwa." Hiyo ndiyo sifa niliyoipata kwake, na niliishi nayo.

Habari ya kibali ilitokana na fomu. Afisa mmoja alikuja na karatasi, mtu mpole, shati jeupe limepigwa pasi. Fundi aliijaza mpaka alipofika mahali palipoandikwa mmiliki wa vyombo. Hapo kalamu ikasimama.

"Andika jina lako, mzee," afisa alisema.

"Vyombo si vyangu."

"Vya nani?"

"Vya wote."

"Wote hawawezi kuingia kwenye mstari huu. Andika mmoja."

"Serikali inatufundisha ujamaa," Fundi akasema, "halafu fomu yake inataka tajiri?"

Afisa alicheka, kisha akafikiri, kisha akaacha kucheka. Akasema kama ni vya wote basi huenda ni vya kijiji, na kijiji kinaweza kuvichukua. Fundi akamrudishia fomu ikiwa na mstari mtupu. Kuanzia siku ile, kila afisa alipoonekana, magitaa yaliteremka shimoni nasi tukashika spana. Mtu yule aliyetukataza kusema uongo hata wa boliti moja alimwambia afisa, macho makavu, "Tunakaza sampo," yaani lile bakuli la oili chini ya injini.

Mimi niliingia pale gereji kwa sababu ya msiba. Baba alitangulia, mama akamfuata kabla ya mwaka kuisha. Nilikuwa darasa la sita. Siku ya kuanua tanga ndugu walikaa mkekani wakatugawana, kama ilivyo desturi, na sikuona ubaya kwao, maana kila mmoja alikuwa na watoto wake. Mdogo wangu Mwanaidi alichukuliwa na shangazi kwenda Mashewa. Rajabu alichukuliwa na mjomba kwenda Kwedizinga, upande wa Handeni. Hadija, aliyekuwa hajaacha kunyonya vizuri, alishika shati langu na hakuna aliyeweza kumbandua. Nikabaki naye Manundu, katika chumba alichokuwa amepanga baba. Shule ikaishia hapo.

Nilikwenda kwa Fundi nikiwa nimembeba Hadija mgongoni.

"Unajua nini?" aliniuliza.

"Sijui kitu."

"Vizuri. Wanaojua wananisumbua. Huyo mgongoni anakula nini?"

"Uji."

"Jiko liko nyuma. Ukimaliza kumlisha, njoo uoshe hizi nati."

Hakuniuliza habari za wazazi wangu, siku ile wala baadaye. Hadija alikulia chini ya meza ya spana, na neno lake la kwanza refu lilikuwa "sampo".

Wimbo nilitunga nikiwa mtu mzima tayari, Hadija akiwa shuleni. Haukuwa na mambo mengi. Ulikuwa ukiuliza tu: Mwanaidi wa Mashewa, umekula? Rajabu wa Kwedizinga, umelala? Hadija wa Manundu, umesoma? Ubeti wa pili ulisema kaka yenu yupo, anawasikia. Ubeti wa tatu ulisema: nami nani ataniuliza kama nimekula?

Nilimwimbia Fundi shimoni, wenzetu wakiwa wameondoka. Alisikiliza akiwa anafuta mikono kwa pamba.

"Kata wa tatu."

"Kwa nini?"

"Watu wanakuja kucheza. Uchovu wanao nyumbani."

Niliukata. Aliuimba wimbo wenye beti mbili kwa miaka, na hakuna siku aliyowaambia watu ni wa nani. Hiyo ilikuwa sheria. Wimbo ukishatoka shimoni ni wa bendi.

Halafu zikaja habari kwamba watu wa redio watapita Korogwe kurekodi bendi za wilayani, ukumbini, asubuhi moja tu. Kibali hawakuuliza. Walitaka nyimbo mbili kwa kila bendi. Yohana na Salimu walianza kubishana juu ya nyimbo, na Fundi akawakata.

"Mmoja ni wa Besi. Mwingine chagueni."

Sikulala. Tangu siku ya tanga sisi ndugu wanne hatukuwahi kuwa pamoja mahali pamoja, nauli ikipatikana kazi haikuruhusu, kazi ikiruhusu nauli hakuna. Lakini redio ilikuwapo Mashewa kwa jirani ya shangazi, na ilikuwapo Kwedizinga dukani. Nilituma salamu kwa wasafiri pande zote mbili: msikilize, mtatajwa. Niliona kwamba kwa dakika tatu tutakuwa mkeka mmoja.

Kwa sababu nilitaka siku ile isiharibike, niliiharibu. Niliogopa betri ya lori. Ndiyo iliyopeleka umeme kwenye spika zetu, na mara mbili ilikuwa imetufia katikati ya dansi. Kwa hiyo jioni ya kuamkia siku hiyo nilikwenda kwa rafiki yangu wa shamba la mkonge, nikabembeleza, nikapewa betri ya trekta, mpya kabisa. Nikaifunga kwenye lori peke yangu, nikafuta mikono, nikaenda kulala nimeridhika. Sikumwambia mtu. Nilitaka iwe furaha ya asubuhi.

Asubuhi Fundi aliuliza, "Nani amegusa?" Nikanyamaza, natabasamu moyoni.

Tukalipeleka lori hadi nje ya ukumbi. Salimu akabonyeza honi. Ililia juu, kali, kama tarumbeta. Sote tukachekelea. Fundi peke yake alikunja uso.

"Leo imeamka vizuri," alisema taratibu. Kisha akasema, "Kazeni."

Tukakaza. Yohana alisita. "Fundi, hii ni juu."

"Honi haidanganyi. Kaza."

Nyuzi za Yohana zilikuwa za zamani, na nyingine hazikuwapo dukani hata Tanga. Tulianza na wimbo wangu. Fundi aliimba jina la Mwanaidi na sauti ikamkwaruza. Alipofika kwa Rajabu sauti ilipasuka kabisa, akakohoa, na papo hapo uzi wa Yohana ukakatika, ta! Tukaanza upya. Ukakatika wa pili. Mara ya tatu ulikatika uliobaki wa juu, na Yohana akaweka gitaa sakafuni kama mtu anayelaza mtoto mgonjwa. Watu waliojaa madirishani walianza kucheka. Mtu wa redio, kijana mwenye adabu, alivua vile vitu vya masikioni.

"Pole, mzee. Imekuwaje?"

Nilijua tayari. Nilikuwa natazama lori kupitia mlangoni, na betri ya trekta niliiona kama vile iko mbele ya macho yangu. Nilifungua mdomo.

"Nimekosea mimi," Fundi alisema. "Mimi ndiye niliyesema wakaze."

Nikaufunga mdomo wangu. Sikuufungua kwa miaka kumi na moja.

Walirekodi bendi iliyotufuata wakaenda zao Tanga. Huko Mashewa watu wangu walikaa mbele ya redio wiki nzima. Mwanaidi aliniambia baadaye kwamba shangazi alimwuliza, "Una hakika kaka yako alisema redio, au alisema ataandika barua?"

Fundi alitaniwa sana. Akipita sokoni wachuuzi walimpigia kelele, "Fundi, kaza tena kidogo!" Watoto wakaitikia, "Ta!" Hakugeuka. Mimi nilitembea nyuma yake nimebeba vyombo vyake, na kila kicheko kilinipata mgongoni. Asubuhi aliendelea kuuliza, "Nani amegusa?" na kila alipouliza nilidhani leo ndiyo leo. Nilikuwa na sababu zangu. Hadija alikuwa karibu kumaliza shule, na chumba, chakula na sare zake vyote vilitoka gereji ile. Nilijiambia akishamaliza nitasema. Alimaliza. Sikusema.

Kama mwezi mmoja baada ya aibu ile, Fundi alitangaza kwamba lori linatakiwa kujaribiwa breki.

"Tutalijaribu wapi?" Salimu aliuliza.

"Mahali penye milima. Mashewa. Pakieni vyombo, tusije tukaibiwa."

Tukapita bondeni katikati ya mkonge, tukapanda, na alasiri tukasimama kando ya uwanja wa mpira wa Mashewa. Fundi alikagua breki kwa muda usiozidi wa kufunga kamba ya kiatu. Kisha akasema kwa kuwa tumeshafika, tupige mbili tatu. Ile betri ya trekta, ambayo Fundi aliikuta kwenye lori akakataa kuirudisha, na badala yake akalitengenezea shamba la mkonge trekta lenyewe bure, bila kuuliza ni nani aliyeileta, ilitupigia mpaka jua likakaribia kuzama. Nyuzi zilizokatika Yohana aliziba pengo lake kwa waya wa breki za baiskeli, na zote tulikuwa tumezilegeza. Mwanaidi alisimama mbele, kitambaa cha kichwa mkononi, akisikia jina lake kwa kinywa cha mtu asiyemjua.

Baada ya hapo breki za lori lile zilikuwa mbovu kila baada ya miezi michache. Mara Mashewa, mara Kwedizinga. Hata wakati wa kuhamia vijijini, lori lilipochukuliwa na serikali kubebea watu na mizigo yao upande wa Handeni, yeye ndiye aliyeendesha, na vyombo vyetu vilisafiri chini ya milango na miti ya nyumba za watu. Siku moja tulishusha familia mahali ambapo hapakuwa na kitu, vigingi tu vya kuonyesha viwanja. Mama mmoja alikaa juu ya kinu chake akakataa kuinuka. Fundi hakumsemesha. Alitoa gitaa la Yohana, akaniashiria besi, tukapiga kwa sauti ndogo, nyimbo zisizo na maneno. Baada ya muda mrefu yule mama alisema, "Na nyie mtalala wapi?" Akainuka akatafuta kuni.

Bendi yetu haikuvunjika kwa ugomvi. Vipuri viliadimika, malori yakalala, nyuzi hazikupatikana hata za kuomba. Yohana alirudi milimani kulima. Salimu alipata kazi ya ulinzi. Siku moja Fundi aliuliza, "Nani amegusa?" na mlikuwa na mimi peke yangu gerejini. Akaangalia huku na huku, akasema, "Basi." Mwezi uliofuata alihamia Kwedizinga, kwa watu wa mkewe, kulima mahindi. Alipoondoka alifungua honi kutoka kwenye lori bovu, akaifunga kwenye gunia. Mwenye gereji hakumzuia.

Nilimfuata miaka michache baadaye. Nilikuwa nimesikia kwamba masikio yake yamekwisha. Nyundo, injini, spika ya shimoni, vyote vilikuwa vimechukua sehemu yao. Niliogopa kwamba nimengoja mpaka mtu wa kuambiwa ameondoka akiwa bado hai. Rajabu, ambaye sasa alikuwa na mke na shamba palepale, alinipeleka.

Tulimkuta uani anapukuchua mahindi. Amekonda. Kofia ni ileile.

"Shikamoo, Fundi."

Hakusikia. Mkewe alicheka akiwa jikoni. "Piga kelele, mwanangu. Mimi nimeshazoea, hata kumgombeza nagombeza kwa mikono."

Aliniona akainuka, akanishika mkono muda mrefu, akauliza habari za Hadija, nikamwonyesha kwa vidole kwamba ana watoto wawili. Tukala bada, ugali wa muhogo, na mlenda. Kisha nikaona nikiondoka sasa sitarudi na neno lile. Nikasimama mbele yake nikapaza sauti.

"Fundi! Siku ya redio! Betri niliibadilisha mimi!"

Kuku walikimbia. Jirani akachungulia juu ya ua.

"Betri gani?" aliuliza, akitazama midomo yangu.

"Ya trekta! Ndiyo iliyopandisha honi! Kosa lilikuwa langu!"

Alipukuchua gunzi moja lote.

"Ile ilikuwa betri nzuri," alisema. "Ilitufikisha Mashewa mara ngapi?"

"Fundi, watu walikucheka!"

"Niliisikia iko juu, Besi. Masikio nilikuwa nayo siku ile. Yohana akaniambia, na masikio yangu yakaniambia. Nikafuata honi." Aligusa sikio lake kwa kidole chenye unga wa mahindi. "Nilisema nimekosea mimi. Wewe ulidhani nakufichia?"

Miaka kumi na moja nilibeba mzigo nikidhani ni wangu, kumbe na mwenzangu alikuwa amebeba wake.

Aliingia ndani akatoka na gunia. Honi ilikuwa imepakwa mafuta, haina kutu. Akamwambia Rajabu alete betri kuukuu ya gari ambayo mjukuu wake aliwashia redio. Tukaunga nyaya. Fundi akaweka kiganja kwenye mdomo wa honi, akaniashiria. Nikagusanisha.

Ililia chini chini, kama ng'ombe aliyeshiba. Fundi alifumba macho. "Tena," alisema. Nikapiga tena, na tena.

Hatukufikiri juu ya kijiji. Lori la bidhaa halikuwa limefika pale kwa miezi, na sauti ya honi ilikuwa na maana moja tu. Kina mama walianza kutokea vichochoroni na vikapu, mzee mmoja na dumu, wengine na magunia matupu begani.

"Sukari imekuja?"

"Lori liko wapi?"

"Kuna na sabuni?"

Rajabu alianza kueleza, na baadhi walianza kutukana, na mmoja akasema, "Kumbe ni honi ya yule kiziwi!" Walicheka, lakini hawakuondoka. Walikuwa wamekwisha kutembea, wakakaa chini kwenye vikapu vyao kupumzika.

Fundi alifumbua macho akaona watu wamejaa uani. Hakuwa amesikia neno hata moja.

"Watu wamefika," aliniambia. "Anza."

Akaanza kupiga paja lake kwa kiganja, mwendo uleule wa zamani. Nikaanza kuimba, kwa sauti ileile honi iliponiachia. Nilimwuliza Mwanaidi kama amekula. Nilimwuliza Rajabu kama amelala, naye alikuwa amesimama mbele yangu na nyaya mkononi, akaitikia kwa kichwa. Nilimwuliza Hadija. Nikapita ubeti wa pili, na wimbo ukafika mahali ulipozoea kuishia. Midomo yangu ikaendelea.

Aliiona. Alinitazama midomo, uso umekunjika kama asubuhi ile ya redio, na nilijua amejua ni ubeti gani. Niliuliza mbele ya watu wale wenye vikapu vitupu nani ataniuliza kama nimekula. Mkono wake haukuinuka kunizuia. Aliendelea kupiga paja mpaka nilipomaliza, na baada ya hapo kidogo.